ARDHI YA KIJIJI NA WAWEKEZAJI WA NISHATI: SHERIA INASEMAJE?

Wadau, sisi wa Nsemulwa tuko ndani ya Manispaa ya Mpanda, viwanja vyetu vinafuata taratibu za mji. Ila wengi wetu wazee wana mashamba vijijini, na huko sheria ni nyingine kabisa. Akija mtu anataka ardhi ya kulima mimea ya mafuta au kuweka mitambo ya umeme wa jua, haya ndiyo ya kujua kabla mzee hajanyoosha mkono mkutanoni.

AINA ZA ARDHI
Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5), zote za 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Zinataja aina tatu: ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, lakini haina ruhusa ya kugawa bila mkutano mkuu, yaani wanakijiji wote watu wazima, kukubali.

MGENI ANAPATAJE?
Asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kwanza ardhi ya kijiji inabidi ihamishwe iwe ya jumla. Anayehamisha ni Rais. Ikiwa ni hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu ndio unakubali au kukataa. Zikizidi 250, mkutano unatoa mapendekezo tu, anayeamua ni Waziri. Vyovyote vile, hakuna kuhamisha mpaka fidia ikubaliwe: kiasi gani, kwa njia gani, lini.

UTAMU NA UCHUNGU
Jambo ambalo wengi hawaambiwi: ardhi ikishakuwa ya jumla, hairudi yenyewe kijijini hata mradi ukifa. Kisarawe, Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za kulima mibono, kwa miaka 99. Mwaka 2011 mradi ukakwama, vibarua wakakosa kazi, na ardhi ikaenda kwa mwekezaji mwingine.

KWETU MPANDA
Prokon ya Ujerumani ilikuja na njia tofauti, kilimo cha mkataba: mkulima anapanda mibono kwenye shamba lake mwenyewe. Kampuni mama iliomba kufilisiwa Januari 2014. Hapo mkulima anaweza kupoteza soko, lakini shamba linabaki lake.

Halafu kuna AgriSol ya Marekani, ambayo 2011 ilizua kelele kwa mpango wa kuchukua Katumba na Mishamo, walikoishi Warundi waliokimbia vita 1972. Yale yalikuwa makazi ya wakimbizi, sio vijiji vilivyosajiliwa, kwa hiyo hawakuwa na mkutano mkuu wa kukataa. Mpango wa huko haukutekelezwa, na 2014 waliopewa uraia wakaruhusiwa kubaki.

MWAMBIE MZEE AULIZE
- Kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi (sheria ya 2007)?
- Shamba lina hati ya hakimiliki ya kimila?
- Tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika (sheria ya 2004)?
- Fidia imeandikwa, au ni maneno matupu?
- Kwa nini isiwe kilimo cha mkataba?

Ahadi za shule na zahanati ziandikwe pia. Mdomoni haziendi mahakamani.