Ngiri ya kinena

Makala hii inahusu ugonjwa. Kwa mnyama wa jamii ya nguruwe, angalia Ngiri (mnyama).

Ngiri ya kinena ni uvimbe unaotokea pale sehemu ya utumbo, au mafuta yaliyomo tumboni, inapopenya kwenye udhaifu wa ukuta wa tumbo na kujitokeza kwenye kinena, yaani mahali paja linapokutana na tumbo. Kwa wanaume uvimbe huo unaweza kushuka hadi ndani ya pumbu. Takriban robo tatu ya ngiri zote za ukuta wa tumbo ni za kinena. Wanaume huugua zaidi kuliko wanawake: inakadiriwa kwamba katika maisha yao yote watu 27 kati ya 100 kwa wanaume, na 3 kati ya 100 kwa wanawake, hupata ngiri ya kinena.

Ugonjwa huu ni wa kawaida sana katika wodi za upasuaji, na kwa sababu hiyo hiyo hauachwi katika mitihani ya madaktari wanaosomea upasuaji. Mtu anaweza kuishi na ngiri miaka mingi bila shida kubwa, lakini ikinyongwa anaweza kufa ndani ya siku chache.

Matumizi ya neno

Katika mazungumzo ya kila siku neno "ngiri" hutumika kwa upana kuliko katika tiba. Watu wengi husema "mshipa" kwa ngiri na pia kwa busha, ingawa hayo ni maradhi mawili tofauti. Wauzaji wa dawa za mitishamba nao huitaja ngiri pamoja na chango na upungufu wa nguvu za kiume kana kwamba asili yake ni moja. Katika tiba, ngiri ni tundu au udhaifu ambao kitu cha ndani kinapitia kutoka nje ya nafasi yake. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka inayoweza kuziba tundu hilo.

Maumbile ya kinena

Kano ya kinena imetandazwa kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi kwenye kinundu cha mfupa wa kinena, karibu na mstari wa katikati ya mwili. Juu kidogo ya nusu ya ndani ya kano hiyo kuna njia nyembamba yenye urefu wa sentimita 4 hivi, inayoitwa mfereji wa kinena. Mfereji una tundu la ndani, lililo juu kidogo ya katikati ya kano, na tundu la nje, lililo juu ya kinundu cha mfupa.

Kwa mwanamume mfereji huo hupitisha kamba inayobeba mishipa ya damu ya korodani na mrija wa mbegu za kiume. Kabla ya mtoto kuzaliwa, korodani hushuka kutoka tumboni kupitia njia hiyo zikitanguliwa na mfuko mdogo wa utando wa tumbo. Kwa kawaida mfuko huo hujifunga baadaye. Usipojifunga, mlango unabaki wazi.

Aina

Ngiri isiyo ya moja kwa moja huingia kwenye tundu la ndani, hufuata mfereji, na mara nyingi hushuka pumbuni. Ndiyo inayowapata watoto na vijana zaidi, kwa kuwa chanzo chake ni ule mfuko usiojifunga. Hutokea zaidi upande wa kulia.

Ngiri ya moja kwa moja husukuma ukuta wa nyuma wa mfereji uliolegea, katika eneo linaloitwa pembetatu ya Hesselbach kwa heshima ya Franz Kaspar Hesselbach, mwanaanatomia na mpasuaji Mjerumani (1759–1816). Huwapata zaidi wanaume wa makamo na wazee, na ni nadra kufika pumbuni.

Wakati wa upasuaji aina hizi mbili hutofautishwa kwa mishipa ya damu ya epigastriki ya chini: isiyo ya moja kwa moja hutokea upande wa nje wa mishipa hiyo, ya moja kwa moja upande wa ndani.

Sababu na dalili

Mbali na udhaifu wa kuzaliwa nao, ngiri husaidiwa na mambo yanayoongeza msukumo ndani ya tumbo au kudhoofisha misuli: kikohozi cha muda mrefu, kujikamua wakati wa choo au wa kukojoa, maji tumboni, uvutaji wa sigara na uzee. Ndiyo maana daktari humuuliza mzee mwenye ngiri kuhusu kikohozi, choo na mkojo. Tezi dume iliyokua, au uvimbe wa utumbo mpana, huweza kugunduliwa kwa njia hiyo.

Dalili ya kwanza huwa ni uvimbe unaotokea mtu akisimama, akikohoa au akinyanyua mzigo, na kupotea akilala. Wengine huhisi uzito au maumivu yanayovuta.

Ngiri iliyonyongwa

Utumbo ukibanwa kwenye tundu na kushindwa kurudi, hatua mbili za hatari zinaweza kufuata. Kwanza utumbo huziba: mgonjwa hutapika, tumbo hujaa, hapati choo wala hatoi hewa. Pili, damu haifiki tena kwenye kipande kilichobanwa. Hapo ngiri huitwa iliyonyongwa, na kipande hicho huanza kufa katika muda wa saa chache.

Uvimbe huwa mgumu, unauma sana ukiguswa, na hausukumwi na kikohozi. Ngozi inaweza kuwa nyekundu. Hali hii ni ya dharura. Mgonjwa hupewa maji kwenye mshipa, mpira wa kupitia puani hadi tumboni, dawa za maumivu na antibiotiki, kisha hupasuliwa bila kuchelewa. Kuusukuma kwa nguvu uvimbe wa aina hii ni kosa, kwa sababu utumbo uliokufa unaweza kurudishwa ndani na kumwaga uchafu tumboni.

Uchunguzi wa mgonjwa

Ngiri nyingi hutambuliwa kwa macho na mikono, bila mashine. Utaratibu unaofundishwa ni huu:

1. Kujitambulisha, kueleza kinachofanyika, kuomba ruhusa na kumsitiri mgonjwa.
2. Kumchunguza akiwa amesimama na akiwa amelala. Ngiri ndogo huweza kutoonekana kabisa mgonjwa akilala.
3. Kutazama pande zote mbili: uvimbe uko wapi, unafika pumbuni, kuna kovu la upasuaji wa zamani?
4. Kuuliza kama kuna maumivu kabla ya kugusa, na kutazama uso wa mgonjwa wakati wa kugusa.
5. Kumwomba akohoe, na kuhisi kama uvimbe unasukuma vidole.
6. Kumwomba mgonjwa aurudishe uvimbe mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayeujua zaidi.
7. Kubana mahali pa tundu la ndani kwa kidole na kumwomba akohoe tena. Ngiri ikizuiwa, huenda si ya moja kwa moja; ikitokea pembeni ya kidole, huenda ni ya moja kwa moja. Kipimo hiki hukosea mara nyingi, na jibu la hakika hupatikana wakati wa upasuaji.
8. Kuchunguza korodani, tumbo, na upande wa pili.

Picha ya mawimbi ya sauti (ultrasaundi) husaidia pale uchunguzi wa mikono unapoacha shaka.

Kutofautisha na uvimbe mwingine

Swali la kwanza kwa uvimbe wa pumbu ni hili: je, vidole vinaweza kukutana juu ya uvimbe? Vikikutana, uvimbe umeanzia pumbuni penyewe. Visipokutana, uvimbe umeshuka kutoka tumboni, nao ni ngiri mpaka ithibitishwe vingine.

- Busha: maji yaliyokusanyika kuzunguka korodani. Vidole hukutana juu yake, na tochi ikiwekwa nyuma mwanga hupenya. Katika pwani ya Afrika Mashariki busha nyingi zimetokana na matende, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na mbu. Busha la muda mrefu huweza kuwa na ukuta mnene usiopitisha mwanga, na ngiri ya mtoto mchanga huweza kupitisha mwanga. Kwa hiyo tochi peke yake haitoshi.
- Ngiri ya paja: hutokea chini na upande wa nje wa kinundu cha mfupa wa kinena, wakati ngiri ya kinena hutokea juu na upande wa ndani. Huwapata wanawake zaidi na hunyongwa kwa urahisi zaidi.
- Mishipa ya veni iliyovimba pumbuni: huhisiwa kama fungu la minyoo na hupungua mtu akilala.
- Tezi za limfu zilizovimba: hutafutwa kidonda mguuni, sehemu za siri na kwenye mkundu.
- Korodani isiyoshuka: pumbu upande huo huwa tupu.
- Korodani iliyojisokota: maumivu makali ya ghafla kwa kijana. Ni dharura, na korodani huweza kupotea ndani ya saa chache.

Tiba

Tiba ya ngiri ni upasuaji. Edoardo Bassini (1844–1924) wa Italia alianzisha katika miaka ya 1880 njia ya kushona upya ukuta wa nyuma wa mfereji. Earle Shouldice wa Kanada aliiendeleza kwa kushona tabaka juu ya tabaka. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Marekani alieneza njia ya kuweka wavu bila kuvuta misuli, ambayo hupunguza uwezekano wa ngiri kurudi. Inaweza kufanyika kwa ganzi ya mahali tu. Siku hizi wavu huweza pia kuwekwa kwa kamera kupitia matundu madogo. Watoto hawahitaji wavu. Mfuko hufungwa na kukatwa, na kwa watoto wachanga upasuaji haucheleweshwi.

Bei ya wavu ilikuwa kikwazo katika nchi nyingi. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 uliwahusisha wanaume 302. Ulilinganisha wavu wa viwandani na wavu wa chandarua uliosafishwa kwa kuua vijidudu, na baada ya mwaka mmoja haukuonyesha tofauti kubwa.

Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wanaume wenye dalili ndogo wanaweza kusubiri kwa usalama, kwa kuwa ngiri zilizobanwa ghafla zilikuwa chini ya 2 kwa watu 1,000 kwa mwaka. Usalama huo unategemea kufika mapema kwenye chumba cha upasuaji hali ikibadilika. Kwa anayeishi mbali na hospitali, hesabu ni tofauti.

Matatizo baada ya upasuaji ni pamoja na damu kuvilia, maambukizi ya kidonda, ngiri kurudi, kuharibika kwa korodani, na maumivu ya muda mrefu, ambayo huwapata takriban 1 kati ya 10.

Katika mitihani ya upasuaji

Ngiri huulizwa katika mitihani ya uanachama ya vyuo vya kifalme vya wapasuaji vya Uingereza na Ireland, na katika ile ya Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, Tanzania. Mitihani hiyo ina maswali ya kuandika, na pia vituo ambapo mtahiniwa huchunguza mgonjwa au mtu anayeigiza mgonjwa mbele ya watahini.

Maswali ya kawaida ni mipaka ya mfereji wa kinena, tofauti kati ya aina mbili za ngiri, dalili za kunyongwa, na maelezo ambayo mgonjwa anapaswa kupewa kabla ya kukubali upasuaji. Makosa ya kawaida ni kusahau kumsimamisha mgonjwa, kusahau upande wa pili, kutogusa pumbu kwa haya, na kumuumiza mgonjwa. Makosa hayo hayo, yakifanyika usiku katika hospitali ya wilaya, ndiyo yanayofanya ngiri iliyonyongwa iandikwe kuwa maumivu ya tumbo tu, na mgonjwa arudishwe nyumbani.