Madoa ya Wino na Rekodi 221 Zilizojirudia

Kimya kilikuwa kirefu kwa sababu wiki nzima nilikuwa nawinda mdudu kwenye programu ya mteja. Ripoti ilikuwa ikitoa jumla kubwa kupita kiasi. Nimekagua msimbo mpaka macho yakauma, kumbe rekodi ziliingizwa mara mbili kwenye hifadhidata! Hesabu ilikuwa sawa, data ndiyo iliyodanganya. Hapo nikakumbuka kisa cha madoa ya wino.

Hermann Rorschach alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1884. Babake alikuwa mwalimu wa sanaa, na shuleni wenzake walimpa jina la utani "Klex", yaani doa. Watoto wa enzi hizo walipenda mchezo wa kudondosha wino kwenye karatasi, kuikunja, kisha kutazama umbo lililotokea. Rorschach alipokuwa daktari wa wagonjwa wa akili huko Herisau, aliugeuza mchezo huo kuwa uchunguzi. Aliwaonyesha watu kadi na kuwauliza swali moja tu: hii inaweza kuwa nini?

Mwaka 1921 alichapisha kitabu, *Psychodiagnostik*, pamoja na kadi 10: tano za nyeusi na kijivu, mbili zenye wekundu, na tatu za rangi mbalimbali. Kilichomvutia zaidi si KIPI mtu alichokiona, bali alikionaje. Je, alitazama doa zima au kipande? Aliongozwa na umbo au rangi? Aliona kitu kikitembea?

Mwaka uliofuata, 1922, Rorschach akafariki kwa ugonjwa wa kidole-tumbo akiwa na miaka 37. Mradi ukabaki bila mwenyewe. Sisi watengenezaji programu tunajua kinachofuata: kila mtu akachukua nakala na kuanzisha toleo lake. Marekani kukazuka mifumo mitano ya kutoa alama, na jibu lile lile lingeweza kusomwa tofauti kutegemea mfumo wa mtahini. Mmoja wa waanzilishi hao, Zygmunt Piotrowski, alifika hadi kuandika kuhusu kuitumia tarakilishi kufasiri majibu, mwaka 1964!

Mwaka 1974, John Exner aliiunganisha mifumo hiyo kuwa mmoja wenye kanuni wazi. Pia alikusanya majibu ya watu wasio wagonjwa ili yawe kipimo cha kulinganishia. Sifa zikarudi.

Lakini mwaka 2001 ikajulikana kwamba katika kundi la watu wazima 700 lililotumika kama kipimo, rekodi 221 zilikuwa zimehesabiwa mara mbili. Watu halisi walikuwa 479. Mdudu wangu kabisa!

Tofauti ni kwamba mimi niliharibu ripoti ya mauzo tu. Mtihani huu umetumika katika mahakama za Marekani, hata kwenye kesi za wazazi wanaogombania watoto. Isitoshe, watafiti waliopima watu wengine wenye afya walikuta wengi wao wakionekana wagonjwa wakilinganishwa na vipimo vya Exner. Hebu fikiria kunyang'anywa mwanao kwa sababu kipimo kimepinda.

Tusitupe kila kitu, lakini. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baadhi ya alama zinafanya kazi vizuri, hasa zile zinazoonyesha fikra zilizovurugika. Nyingine hazikuwa na ushahidi wa kutosha.

Funzo langu ni hili: tunamshuku sana anayejibu, na tunamwamini mno anayesahihisha. Siku hizi tunaandika programu zinazoamua nani apewe mkopo na nani aitwe kazini. Kabla ya kumwambia mtu kwamba si wa kawaida, kagua kwanza hao "wa kawaida" uliowahesabu.

Nyinyi mwaonaje? Mimi narudi kuongeza sharti la upekee kwenye jedwali langu. Tuonane wiki ijayo.