Kigunduamoshi cha Dakti: Jina na Kazi Yake

Katika majengo makubwa ambayo hewa yake haitegemei madirisha bali husukumwa na feni kupitia njia za bati zilizofichwa juu ya dari, kuna kifaa kidogo ambacho wakaaji wengi hawajawahi kukiona, na ambacho Kiswahili nacho hakijakipa jina moja linalokubalika kote. Kiingereza hukiita duct smoke detector, maneno matatu yaliyopangwa bila kiungo chochote, yakimwachia msomaji kazi ya kukisia lipi linatawala lipi. Kwa Kiswahili mtu hukutana na kitambuzi cha moshi, kigunduzi cha moshi, kihisi moshi, king'amuzi cha moshi na hata kengele ya moshi. Na upande wa njia ya hewa yenyewe hutajwa mfereji, bomba, mkondo na dakti. Majina hayo si sawa, kwa sababu kila moja lina ahadi yake juu ya kazi ya kifaa, na baadhi ya ahadi hizo kifaa hakiwezi kuzitimiza.

Njia ya hewa ndiyo yenye matatizo mengi zaidi ya kimsamiati. Mfereji, kwa mzungumzaji wa Tanzania bara, ni mtaro uliochimbwa ardhini maji yapite, ilhali Mkenya anaposema maji ya mfereji anamaanisha yale ambayo Mtanzania huyaita maji ya bomba. Neno moja linaleta picha mbili, na hakuna hata moja kati yake iliyo na hewa ndani. Bomba lina kasoro nyingine iliyo mbaya zaidi, kwani bomba la moshi tayari ni jina la dohani na la ekzosi ya gari, na fundi atakayeagizwa afunge kigunduzi cha bomba la moshi ana haki ya kwenda kukitafutia nafasi penye jenereta. Mkondo ni hewa yenyewe inavyokwenda, si chombo kinachoipitisha, wakati njia ya hewa imekwisha kuchukuliwa na walimu wa biolojia kwa ajili ya koo na mapafu. Linabaki dakti, neno la mafundi bati, ambalo limekwisha kuingia katika ngeli na kutulia: dakti hii, dakti hizi, kukata dakti, kuning'iniza dakti. Lugha iliyozipokea feni na paneli bila kuona haya haina sababu ya kulikataa neno hili, ambalo lina sifa ambayo washindani wake hawana, yaani kumaanisha kitu kimoja tu.

Kwa upande wa kifaa, king'amuzi lingefaa kwa asili yake, kwa kuwa kung'amua ni kufahamu jambo lililofichika, lakini neno hilo limekwenda na televisheni. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi ni yale makasha ya kupokelea matangazo ya dijitali, na hakuna kamati itakayoweza kuyanyang'anya jina hilo. Kihisi ni neno zuri ila ni la jumla mno, kwani kuna vihisi vya joto, vya mwanga, vya shinikizo na vya unyevu, na ndani ya kifaa kinachozungumziwa hapa kihisi ni sehemu tu ya kitu kizima. Kitambuzi, ambalo huenda ndilo linalosikika zaidi, linatoka katika kutambua, na kutambua kwa Kiswahili kunadai ujuzi wa awali: mtu humtambua anayemjua, na ndiyo maana kadi inayothibitisha kuwa mtu ni yule anayesema kuwa ndiye inaitwa kitambulisho. Kifaa hiki hakiujui moshi kwa sura. Ndani yake mna chemba yenye giza, mwanga unaorushwa upande mmoja, na jicho la kielektroniki lililowekwa mahali ambapo mwanga huo hauwezi kulifikia moja kwa moja; chembe zikiingia, mwanga hutawanyika na sehemu yake huliangukia jicho, basi. Chembe zikiwa za moshi, za vumbi la saruji au za ukungu wa maji, jicho huona mwanga uleule. (Vipo pia vifaa vya aina nyingine, vinavyotumia kiasi kidogo sana cha elementi nururifu iitwayo amerisiamu-241, navyo havina ujuzi mkubwa zaidi.) Kugundua, kinyume chake, ni kupata kujua kwamba pana jambo lililokuwa halionekani, hata kabla ya kujua ni jambo gani hasa, kama mwenye duka anavyogundua upungufu katika hesabu zake asubuhi na kumjua mwizi siku nyingi baadaye. Kitenzi hicho ndicho kinachosema kweli juu ya kifaa.

Hapo sarufi nayo ina la kusema. Kiswahili kina kanuni hai ya kuunda majina ya vifaa kwa kuunganisha ki-, kitenzi na kitendwa chake, nayo ndiyo iliyozaa kipimajoto, kizimamoto, kinasa sauti na kipaza sauti. Kwa kanuni hiyo jina linalotarajiwa ni kigunduamoshi, wala si kigunduzi moshi, kwa sababu kigunduzi ni nomino iliyokamilika na haiwezi kubeba kitendwa bila kuunganishwa na cha. Kigunduzi cha moshi si kosa, lakini dakti inapoongezwa, jina linarefuka na kuwa kigunduzi cha moshi cha dakti, na mwandishi mwenye haraka huteleza akaandika kigunduzi cha moshi wa dakti. Silabi moja tu imebadilika, na maana imegeuka: cha dakti inaeleza mahali kifaa kilipofungwa, ilhali wa dakti inaufanya moshi kuwa mali ya dakti, kana kwamba moto umeanzia humo. Kiingereza hakilazimishwi kuchagua. Kiswahili kinalazimishwa, na hilo ni faida, kwa sababu mara nyingi moshi unaotafutwa umetoka chumbani, umenyonywa na feni, na dakti ni njia yake ya kupita tu. Makala haya kwa hiyo yanatumia kigunduamoshi cha dakti, na kwa wingi vigunduamoshi vya dakti.

Sababu ya kuwapo kwake inaonekana vizuri zaidi katika moto wa hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Marekani, uliotokea tarehe 21 Novemba 1980. Moto huo, ulioanzia katika mgahawa wa ghorofa ya chini kwa hitilafu ya umeme, uliua watu 85, na wengi wao walikutwa ghorofa za juu, mbali kabisa na miali, wameuawa na moshi uliopanda kupitia mashimo ya lifti, ngazi, maungio ya jengo na mifumo ya kupitisha hewa. Feni inayoendelea kuzunguka wakati jengo linaungua hufanya kazi yake kwa uaminifu uleule wa siku zote: huchukua hewa ya mahali pamoja na kuigawa kwingine. Kazi ya kigunduamoshi cha dakti ni kuikatiza kazi hiyo, yaani kuzima feni na kufunga vile vilango vya bati vilivyomo ndani ya dakti ili moshi usivuke kutoka sehemu moja ya jengo kwenda nyingine.

Kiwango cha Marekani kijulikanacho kama NFPA 90A kinadai kifaa hiki katika upande wa kupeleka hewa iwapo mtambo unapitisha zaidi ya futi za ujazo 2,000 kwa dakika, takriban lita 944 kwa sekunde. Wingi huo hauonekani mkubwa hadi upimwe kwa chumba: chumba chenye urefu, upana na kimo cha mita 3 hujazwa nao kwa muda usiofika nusu dakika. Barani Ulaya kifaa chenyewe kina kiwango chake, EN 54-27, kwa kuwa kilichobuniwa kwa hewa tulivu ya darini hakiwezi kutarajiwa kufanya kazi katika upepo.

Upepo huo, kwa kweli, ndio unaokiendesha. Kasha lenye kihisi hufungwa nje ya dakti, na kutoka ndani yake hutokeza mirija miwili inayopenya kwenye bati. Mmoja ni mrefu, umetobolewa matundu katika mstari mmoja, unakatiza dakti kutoka ubavu hadi ubavu na umezibwa ncha; huo unaweza kuitwa mrija wa kuchota, kwa kuwa ndivyo unavyofanya. Wa pili ni mfupi na hurudisha hewa ndani ya dakti. Matundu ya mrija wa kuchota huelekezwa upepo unakotoka, hivyo shinikizo huwa kubwa kwenye matundu na dogo kwenye mdomo wa mrija wa kurudishia, na tofauti hiyo pekee, bila mota yoyote, huipitisha sehemu ndogo ya hewa ndani ya kasha. Fundi akiufunga mrija kinyume, matundu yakaupa upepo kisogo, taa ya kasha itawaka vilevile, paneli itaonyesha kuwa kila kitu ni salama, na hewa itakayopita mbele ya kihisi itakuwa haba au hakuna. Ni kosa la nusu dakika ambalo linaweza kukaa miaka, kwa sababu mrija ukishaingia ndani ya bati hauonekani tena. Mafundi makini hutazama mshale au alama ya mwelekeo iliyopo kwenye kifaa, kisha huthibitisha kwa manometa kwamba tofauti ya shinikizo kati ya mirija miwili imo ndani ya mipaka ya mtengenezaji.

Mahali pa kufunga huamuliwa na tabia ya hewa yenyewe. Karibu na kona au tawi hewa hupindapinda na moshi haujachanganyika sawasawa, kwa hiyo hutafutwa kipande kilichonyooka, na kanuni iliyozoeleka ni kuacha umbali wa upana wa dakti mara 6 hivi baada ya kona. Katika upande wa kupeleka, kifaa hukaa baada ya chujio na kabla ya tawi la kwanza, ili moto wa chujio lenyewe pia ugundulike. Hakiwekwi jirani na koili ya kupoozea, penye matone, wala pale ambapo hewa ya nje yenye unyevu inaingia. Katika upande wa kurudi lipo tatizo jingine, nalo ni kwamba moshi wa chumba kimoja hukutana na hewa safi ya vyumba kumi na kuzimuliwa kama chai iliyoongezwa maji. Ndiyo sababu, katika mitambo mikubwa inayohudumia ghorofa nyingi, hutakiwa kifaa katika kila ghorofa kabla dakti zake hazijaungana na dakti kuu. Kasha likiwa juu ya dari, huwekwa taa ndogo ya kiashiria mahali panapoonekana, vinginevyo siku ya hitilafu mlinzi huhangaika kufunua dari nzima.

Jina kengele ya moshi linapaswa kukataliwa kabisa hapa, kwa kuwa kifaa hiki kwa kawaida hakipigi kelele. Kanuni nyingi za Marekani hukitaka kipeleke kwenye paneli ishara ya uangalizi, inayomwita mhusika akakague, badala ya king'ora cha kuwatoa watu wote nje, kwa hofu kwamba vumbi la mkanda wa feni litaondoa watu ofisini mara tatu kwa mwezi hadi wakaacha kuamini king'ora chochote.

Neno la pili linalohitaji uangalifu ni matengenezo. Katika mazungumzo ya kila siku, kitu hutengenezwa kikiharibika, ilhali kazi inayodaiwa hapa ni ile ambayo mafundi huiita sevisi na ambayo Kiswahili sanifu kinaweza kuiita utunzaji: kukizuia kisifike kuharibika. Kiwango cha NFPA 72 kinataka kifaa kikaguliwe kwa macho kila nusu mwaka na kijaribiwe kila mwaka. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa ina chumvi na unyevu, na dakti ya hewa baridi hutoka jasho kila mfuniko wake wa kuhifadhi ubaridi unapochanika, ratiba hiyo inafaa kuchukuliwa kuwa ndiyo ya chini. Mfuniko wa kasha unapofunguliwa baada ya mwaka wa uzembe, huonekana utando wa vumbi la kijivu kama sufi ukizunguka chemba, na matundu ya mrija yakiwa yamezibwa nusu. Utando huo husafishwa kwa mashine ya kufyonza vumbi na kwa hewa ya kupulizwa taratibu, na raba ya mfuniko hurudishwa mahali pake bila mwanya, maana penye mwanya hewa ya nje huingia na kuizimua sampuli.

Jaribio la sumaku, linalopendwa kwa wepesi wake, huthibitisha kwamba elektroniki ziko hai na nyaya zinafika kwenye paneli, lakini halithibitishi kwamba hewa inafika kwenye kihisi; kwa hilo hutakiwa moshi wa majaribio na kipimo cha shinikizo. Linabaki pia swali ambalo halijibiwi na paneli: je, feni imesimama kweli? Si jambo geni kukuta relei imeungwa dairekti na fundi aliyechoshwa na mtambo kujizima, na tangu siku hiyo kifaa kikawa kinatoa taarifa ya moshi huku feni ikiendelea kuusambaza. Jaribio lisiloishia kwenye feni iliyosimama na vilango vilivyofungwa halijakamilika, hata kama fomu imesainiwa.

Maneno cha dakti, mwishoni mwa jina, yanataja pia mpaka wa kifaa. Usiku, feni inapozimwa, hewa ndani ya bati husimama, mrija hauna cha kuchota, na moto unaweza kukijaza chumba moshi bila kifaa hiki kugundua chochote; kwa hiyo vyumba, korido na kumbi zinahitaji vigunduamoshi vyake vyenyewe, vilivyofungwa kwenye dari.