Testi Apu Yako ya M-Pesa Bila Kugusa Seva ya Safaricom
Sema uko Kitale, unaunda apu ya kuuza mahindi, na mteja yuko Bungoma. Apu inamtumia STK Push kupitia Daraja, ile API ya M-Pesa. Usiache testi zako zigonge seva ya Safaricom kila saa. Neti ikilala testi inafeli, na msimbo wako hauna shida. Weka jibu feki ndani ya testi. Kwa JavaScript, Jest inafanya hiyo kazi fiti.

Hapa ndipo wasee huchomeka: ukituma ombi, Daraja inajibu ResponseCode 0. Hiyo si doo, buda! Ni ombi tu limepokewa. Habari ya malipo huja baadaye, kwa ujumbe mwingine unaotumwa kwa seva yako, ukiwa na ResultCode. 0, amelipa. 1, salio halitoshi. 1032, mteja amekatisha. 1037, simu yake haikupatikana. Kila moja iandikie testi yake, gunia lisitoke stoo kabla ya ile 0 ya pili. Halafu leta ujumbe uleule mara mbili, CheckoutRequestID moja: oda ibaki moja.

Sandbox ya Daraja pia ipitie mara moja moja, juu jibu feki haliwezi kukushtua Safaricom wakibadilisha kitu.