Watumishi wa Nyumbani na Historia ya Elisabethville

Tunapotaja mwanahistoria, aghalabu tunamfikiria msomi mmoja aliyeketi mbele ya hati. Hata hivyo, mjini kwetu historia iliwahi kuandikwa kwa njia nyingine. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa boi, alikusanya habari za mji kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Kijitabu kilichopatikana, chenye kichwa cha Kifaransa, kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwaka uliofuata mji wenyewe ulibadilishwa jina ukawa Lubumbashi.

Licha ya kichwa chake, kijitabu hicho si kamusi. Ni masimulizi ya Kiswahili yanayoanzia zama za Msiri, mfalme wa Wayeke aliyeuawa Bunkeya mwaka 1891, yakapitia utawala wa Wabelgiji na kazi ya migodi.

Kwa nini watumishi? Boi alipika, alifua, alihudumu mezani; kwa hiyo alimjua bwana wake asivyojulikana ofisini. Humo tunakuta pia habari za batumbula, watu walioaminiwa kuwakamata Waafrika usiku. Anayetafuta matukio yaliyothibitishwa ataziita uzushi. Lakini anayeuliza jinsi wafanyakazi walivyouelewa mji uliokula nguvu zao, hawezi kuzitupa.

Ugumu wa kwanza ni maandishi yenyewe. Hijai yake si sanifu, wala maneno hayakutenganishwa tulivyozoea shuleni. Ili yaeleweke, ilibidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti. Ndipo Johannes Fabian alipoweza kuyatolea chapa mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kumbe yalihitaji sikio kabla ya jicho.

Wapo miongoni mwetu wanaokiita Kiswahili hicho kibovu. Na tuwaulize: kama Yav na wenzake wangengoja hadi wajue Kiswahili sanifu, leo tungesoma nini? Chama chao hakikuomba kibali cha chuo ili kikumbuke. Tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi umeonyesha kwamba wakazi wa kawaida bado wana mengi ya kusimulia. Basi mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aanzie nyumbani, kwa babu na bibi yake, naye aandike maneno yao kama wanavyoyasema.