MFAHAMU JAMAA ALIYEJIFUNZA KUONGOZA NDOTO ZAKE, AKAANDIKA KITABU NA KUFICHA JINA

Leo tunawapumzisha mastaa kidogo, tunaingia usingizini.

Nianze na yangu. Nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni, niliota niko kwenye chumba cha mtihani wa Hesabu nimevaa bukta na kandambili. Kila nikiliangalia swali la kwanza, namba zinabadilika. Nikajisemea, "Hee, hii si ndoto hii?" Badala ya kuamka nikabaki mle mle, huku najua kabisa naota. Nikasimama, nikaacha karatasi, nikatoka zangu nje. Msimamizi hata hakunisemesha.

Asubuhi nikawasimulia wenzangu. Walicheka hao! Mmoja akaniambia, "Wewe ulikuwa umeamka, unatupiga kamba tu." Sikuwa na la kumjibu. Ndoto haina shahidi wala picha.

Kumbe wadau, jibu lile lile la bwenini ndilo walilopewa watu wazima wenye elimu zao, na iliwachukua zaidi ya miaka 100 kulivunja.

Dogo wa miaka 13 na daftari lake

Mwaka 1867 kilitoka kitabu Ufaransa, jina lake kwa Kiswahili ni kama "Ndoto na Njia za Kuziongoza". Jina la mwandishi halikuwekwa. Nakala zake zikawa adimu kiasi kwamba Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyekuja kuwa maarufu kwa mambo ya ndoto, aliandika kuwa alikitafuta asikipate.

Aliyekiandika alikuwa Marquis d'Hervey de Saint-Denys, mtu wa ukoo mkubwa, aliyezaliwa 1822. Kazi yake ilikuwa lugha na maandishi ya Kichina, na mwaka 1874 akawa profesa wa Kichina pale Collège de France, Paris. Sasa fikiria mtu wa heshima kama huyo asimame hadharani aseme, "Mimi usiku nikilala, ndoto naipeleka ninakotaka." Kwa nini alificha jina, kisia mwenyewe.

Alianza akiwa na miaka 13 tu. Kila akiamka anaandika alichoota, na mara nyingine anakichora. Mwanzoni alikumbuka vipande vipande, ila kadiri alivyoandika ndivyo alivyokumbuka zaidi. Akajaza madaftari 22, ndoto za usiku 1,946. Katikati ya zoezi hilo kikatokea kitu ambacho hakukitegemea: ile tabia ya kufikiria ndoto mchana kutwa ikamfuata mpaka usingizini. Akawa anaota huku anajua anaota.

Jamaa alikuwa mdadisi kwelikweli. Kuna safari alinunua manukato mapya, akayatumia siku zote alizokaa huko ugenini, kisha akafunga chupa. Baada ya miezi akamwambia mtumishi wake amdondoshee matone machache kwenye mto usiku wowote atakaoamua mwenyewe, bila kumwambia. Usiku ule ulipofika, akaota yuko kule kule alikotembea. Yaani alikuwa anajifanyia majaribio mwenyewe kabla hata maabara za usingizi hazijakuwepo.

Ikapata jina, ikakosa ushahidi

Miaka ikapita. Mholanzi mmoja, daktari wa magonjwa ya akili na mwandishi wa vitabu, Frederik van Eeden, naye akawa anaandika ndoto zake. Mwaka 1913 akachapisha makala akisema kwamba kati ya 1898 na 1912 alipata ndoto 352 za aina hii. Ndiye aliyezipa jina la Kiingereza linalotumika mpaka leo, lenye maana ya ndoto angavu. Mimi napenda kuziita ndoto za kujitambua.

Lakini wataalamu wengi hawakununua hiyo. Mwaka 1959 mwanafalsafa Norman Malcolm alitoa kitabu kizima cha kubisha kwamba mtu aliyelala fofofo hawezi kufikiri wala kuamua jambo. Wengine wakasema hao watu huwa wanaamka kidogo bila kujua, halafu wanadhani bado wameota. Si unaona? "Ulikuwa umeamka wewe." Bweni tupu!

Macho yakatoa ushahidi

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kuwa kuna kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza haraka chini ya kope. Kinaitwa REM, na ndoto nyingi zenye picha kali hutokea hapo. Wakati huo misuli ya mwili inakuwa imefungwa ili usiinuke ukaanza kukimbia kweli. Ukiwahi kuamka akili mwili ukiwa bado umefungwa, ndiyo ile hali tunayosema jinamizi limenikaba. Ila macho hayafungwi.

Keith Hearne, mwanafunzi wa utafiti Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, akapata wazo. Kama macho yako huru, basi aliyelala anaweza kupiga ishara kwa macho! Akakubaliana na jamaa anayeitwa Alan Worsley, mzoefu wa ndoto hizi: ukijua unaota, peleka macho kushoto na kulia mara kadhaa. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 1975, Worsley akiwa amelala na nyaya kichwani, kalamu za mashine zikachora ile ishara waliyopanga. Ubongo unaonyesha kalala, macho yanasema, "Niko hapa, najua naota."

Marekani nako, Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alifanya jaribio la namna hiyo kivyake. Majarida makubwa ya sayansi yakamkatalia. Ilipofika 1981 ndipo jarida jingine likamchapisha, na ubishi ukaanza kupoa. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi wakasogea mbali zaidi: walimuuliza mtu aliyelala nane toa sita ni ngapi, akajibu mbili kwa macho, akiwa ndani ya ndoto.

Wewe unayetaka kuanza

Ujanja wa watu hawa ndio huo huo anaofundishwa anayeanza leo.

Kwanza, daftari. Weka karibu na mto. Ukiamka usishike simu, andika kwanza hata kama ni neno moja. Ndoto inayeyuka ndani ya dakika chache.

Pili, jihoji mchana. Mara kadhaa kwa siku jiulize kwa dhati, "Sasa hivi naota?" Soma maandishi, angalia pembeni, kisha yasome tena. Ndotoni mara nyingi yanabadilika, kama zile namba zangu za Hesabu. Ukizoea mchana, usiku utajiuliza pia.

Tatu, mbinu ya LaBerge. Baada ya kulala kama saa tano hivi, amka kidogo. Kumbuka ndoto uliyotoka kuiota, jione umo ndani yake unagundua kuwa ni ndoto, na ujiambie, "Nikiota tena, nitakumbuka kuwa naota." Halafu lala.

Usitegemee miujiza. Utafiti wa Australia uliotoka 2017 uliwapa watu mbinu hizi zote kwa pamoja, na katika wiki moja walifanikiwa kama asilimia 17 ya usiku. Na kama una shifti ya alfajiri au usingizi wako ni wa shida, hilo la tatu achana nalo. Usingizi kwanza.

Mimi nimenunua kaunta buku, nina mwezi mzima sasa. Nimefanikiwa mara moja, tena sekunde chache. Niko stendi, namba ya basi ikabadilika mbele ya macho yangu, nikajua. Nikamkumbuka Worsley, nikapeleka macho kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikafurahi mpaka nikaamka. Chumba cha kupanga, giza, hakuna mashine, hakuna wa kuniona. Nikawasha taa, nikaandika.

Je, wewe umewahi kuota huku unajua unaota? Tusimulie hapo chini kwenye maoni. Hapa hakuna atakayekuambia ulikuwa umeamka.