"Baba" si baba: historia fupi ya mashine zinazosema, kutokea Sironga

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata.

Majuzi nilikuwa Sironga, Nyamira, kwa dada yangu. Mpwa wangu ana miaka sita. Anasikia, anaelewa kila kitu, ila maneno hayamtoki. Kliniki moja ilimwambia dada "atasema tu akikua". Nikamtengenezea programu ya picha kwenye tableti: unagusa picha, mashine inasema. Akagusa picha ya baba yake, mashine ikatamka "baba"... mtoto akamgeukia mama yake!

Kwa wasiofahamu Ekegusii: kwetu "baba" ni mama. Baba ni "tata". Na aliyeandika programu hiyo ni Mgusii mwenye shahada ya kompyuta. Aibu yangu.

Nikaanza kuchimba historia ya hivi vitu. Charles Bliss alichapisha alama zake mwaka 1949 akitaka mataifa yote yaelewane kwa maandishi. Mataifa hayakujali. Mwaka 1971, mjini Toronto, Shirley McNaughton na wenzake wakazichukua kwa ajili ya watoto wenye mtindio wa ubongo wasioweza kusema, na hapo ndipo zikapata kazi. Halafu Dennis Klatt wa MIT akaifundisha kompyuta kusoma maandishi kwa sauti. Kazi yake ilizaa DECtalk, mashine ya miaka ya 1980 iliyouzwa kwa maelfu ya dola, na pia sauti ile ya Stephen Hawking. Sauti ya kiume aliijenga kwa kuiga yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1988.

Kiswahili nacho kilipata zamu. Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitengeneza sauti ya Kiswahili wakitumia Festival, programu huria ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, na kuieleza kwenye mkutano wa kitaalamu mwaka 2005. Baadaye eSpeak, ya bure kabisa, nayo ikakisema Kiswahili, ingawa kwa sauti ya roboti mwenye mafua.

Tatizo ni kwamba Kiswahili kina irabu tano, Ekegusii saba, tena toni hubadilisha maana. Ukiipa injini ya Kiswahili maneno ya Ekegusii, itayasoma kama mgeni aliyeshuka basi jana. Na mtoto wa Sironga huanza na lugha ya nyumbani.

Wataalamu wa tiba ya usemi nao ni wachache. Makerere ilianza kuwasomesha mwaka 2008, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtoto huyu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Ila haki haimleti mtaalamu kijijini.

Basi nikaitupa ile injini. Nikamrekodi binamu yake wa miaka minane: "tata", "baba", "amache", "obokima", maneno sitini hivi. Dada alihofia mashine itamfanya mtoto avivie kusema. Utafiti hauonyeshi hivyo; picha hazizuii usemi, na wengine huongeza maneno ya mdomo.

Mpaka sasa neno analogusa zaidi ni "yaya". Si yaya wa kulea watoto, ni "hapana". Hasa saa ya kuoga.